Ukinyimwa Nafasi ya Chuo Kikuu kwa Sababu ya Ulemavu: Jinsi ya Kudai Haki Yako Nyanda za Juu Kusini

Ni nadra ofisi ya udahili kuandika kwamba umekataliwa kwa kuwa huoni au unatumia kiti mwendo. Husemwa dirishani, tena kwa sauti ya huruma: "Mwanangu, kozi hii ina maabara, utateseka bure." Maneno hayo hayana muhuri. Kazi ya kwanza ni kuyageuza yawe karatasi kabla dirisha la udahili halijafungwa.

Kwanza hakikisha kweli ni ubaguzi. Kwa kozi nyingi za shahada, mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa awe na principal pass mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), kwenye masomo yaliyotajwa na mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Kufikisha sifa hakukuhakikishii nafasi, maana kozi ikijaa wenye pointi nyingi hutangulia. Kwa hiyo uliza: aliyechukuliwa mwisho kwenye kozi hiyo alikuwa na pointi ngapi? Usiombe majina, omba namba tu. Zako zikiwa juu na bado umeachwa, una hoja. Dalili nyingine ni kuitwa kwenye usaili ambao wenzako hawakuitwa, au kuhamishiwa kozi ambayo hukuiomba.

Kagua pia fomu yenyewe. Wengi huombea steshenari, pale Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, na kijana wa kompyuta huweka namba yake ya simu au hukosea kipengele cha ulemavu. Ujumbe wa chuo ukienda kwenye simu ya mtu mwingine, huo si ubaguzi, na malalamiko yako yatafia hapo. Ingia mwenyewe kwenye akaunti na upige picha ya kila ukurasa.

Ukijiridhisha, andika barua siku hiyohiyo. Ukurasa mmoja unatosha, na machungu yabaki nyumbani:

"Ndugu Msajili,
Yah: Ombi la sababu za kutochaguliwa
Niliomba kozi ya … nikiwa na pointi … Tarehe … niliambiwa na ofisa wa udahili kuwa sitaimudu kozi hii kutokana na ulemavu wangu. Naomba kupewa kwa maandishi: sababu ya uamuzi huo, pointi za mwisho zilizopokelewa, na marekebisho gani chuo kilifikiria kabla ya kuamua. Naomba majibu ndani ya siku 5 za kazi kwa kuwa udahili unaendelea."

Swali la marekebisho ndilo lenye uzito. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 24 inagusa elimu ya juu moja kwa moja: chuo kinapaswa kutafuta namna ya kukuwezesha kusoma. Taja unachohitaji hasa, kwa mfano mkalimani wa lugha ya alama, programu ya kusoma skrini, au kipindi kihamishiwe chumba cha chini. Ukiandika "mazingira rafiki" tu, utajibiwa kwamba yapo. Ongeza Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, na ibara ya 11(2) ya Katiba, inayompa kila raia uhuru wa kutafuta elimu katika fani anayoipenda kulingana na stahili na uwezo wake.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Uliye Makete au Ludewa usipande basi kwa ajili ya barua moja. Tuma kwa baruapepe, kisha kwa EMS ya Posta, na utunze risiti.

Siku 5 zikipita kimya, andikia TCU ukiambatisha vyote, nakala kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Wakati huohuo omba kwingine katika awamu inayofuata na uthibitishe nafasi utakayopata. Wapo wanaogoma kuthibitisha wakidhani wanalinda kesi, na mwaka unawapita. Taja tu kwenye malalamiko kwamba umethibitisha kwingine ili usipoteze masomo.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo, lakini haichunguzi jambo lililoko mahakamani. Mpangilio una maana: anza Tume, au amua mapema kwenda mahakamani. Tume hutoa mapendekezo, kwa hiyo usitarajie amri ya papo kwa papo.

Kwa mahakama, tafuta kwanza msaada wa kisheria wa bure unaotambuliwa na sheria ya 2017. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au tawi la SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wanaweza kukuelekeza. Dhidi ya chuo cha umma, kama MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au Mkwawa cha Iringa, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu, Mbeya au Iringa, ipitie uamuzi huo. Cha binafsi kina njia yake. Kibali cha maombi hayo dhidi ya chuo cha umma huombwa ndani ya miezi 6, na miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ya uamuzi, si tangu siku ulipompata wakili.