Kupima feni kimya za kompyuta ya mezani: namba za boksini ziweke pembeni

Kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi, na kompyuta iko chumba hicho hicho ninachorekodia. Ndivyo nilivyogeuka mtu wa feni bila kutaka. Sikio la binadamu lina huruma: baada ya dakika 5 limeshauzoea mvumo na kuusahau. Maikrofoni haisahau. Unakuja kuhariri usiku, unaukuta mvumo wote upo pale pale, umejibanza nyuma ya kila sentensi.

Mara ya kwanza nilinunua feni kama wengi wanavyonunua. Nilisoma desibeli zilizoandikwa kwenye maboksi, nikachukua yenye namba ndogo kuliko zote. Na kweli ilikuwa kimya, maana ilikuwa haipulizi kitu. Prosesa ikachemka, ubao mama ukaziamuru feni nyingine 2 zikimbie zaidi ili kufidia, na chumba kikavuma kuliko mwanzo. Tangu siku hiyo feni siiulizi ina kelele kiasi gani. Naiuliza: ukishanipa upoaji ninaoutaka, utakuwa unapiga kelele kiasi gani? Vipimo vyote ninavyoeleza hapa ni njia ya kulipata jibu la swali hilo.

Kwa nini namba za boksi hazilingani

Desibeli si kama sentimita. Ongezeko la 10 sikio hulisikia kama sauti iliyozidi karibu mara 2, lakini feni 2 za aina moja zikivuma pamoja, kipimo huongezeka kwa 3 tu. Umbali nao una lake: mahali pa wazi, ukisogea mbali mara 2 ya ulipokuwa, kipimo hushuka kwa 6. Sasa mtengenezaji mmoja akipima kutoka nusu mita na mwingine kutoka mita 1, namba zao huwezi kuziweka kwenye mzani mmoja. Na upepo wanaouandika ni wa feni isiyo na kizuizi mbele wala nyuma. Ndani ya kompyuta yako hakuna mahali kama hapo.

Cha kuaminika ni tabia ya kasi. Ukipunguza mizunguko kwa nusu, upepo hubaki nusu, msukumo wa hewa hubaki robo, na kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi. Ndiyo sababu feni kubwa inayozunguka polepole huishinda ndogo inayokimbia. Kasha lako likiwa na nafasi ya milimita 140, mimi sioni kwa nini uhangaike na za 120. Ila hiyo robo usiipite haraka. Msukumo ukiwa mdogo, feni haiwezi tena kuvuta hewa kupitia chujio zito au rejeta (kipoozi cha chuma) yenye mapezi yaliyobanana, na hapo ukimya wake haukusaidii lolote.

Kwanza nje ya kompyuta

Subiri usiku, funga madirisha, zima chochote kinachovuma. Kompyuta yenyewe pia izime: mimi nina kidhibiti kidogo cha feni chenye kitufe cha kuzungusha, kinachotumia adapta ya volti 12, na hicho kinatosha kabisa.

Feni usiiweke mezani. Nachukua katoni lisilo na kifuniko wala kitako, naining'iniza feni katikati kwa mipira 4 ya kufungia bahasha, mmoja kwenye kila tundu la skrubu. Ikining'inia hivyo, mtikisiko wake hauna pa kwenda, kwa hiyo unachosikia ni hewa, mota na beringi tu. Kisha ishushe, ikae juu ya mbao za meza. Sauti ikinenepa ghafla, ujue feni hiyo inatikisika, na ukiifunga kwa skrubu za chuma italifanya kasha zima kuwa ngoma. Haimaanishi uitupe. Inamaanisha utaifunga kwa vishikizo vya mpira.

Nasikiliza nikianzia sifuri. Nakizungusha kitufe taratibu mpaka mapanga yaanze kuzunguka, naandika kasi ya kuanzia. Halafu naendelea kupanda bila haraka, na kila penye mlio wa ajabu naweka alama kwenye karatasi. Huku ndiko mambo yaliko, kwa sababu feni nyingi hazina kelele moja, zina kelele 3 au 4 tofauti zinazopokezana.

Mlio unaopanda pamoja na kasi kama mtu anayepanda ngazi za muziki mara nyingi hutoka kwenye mapanga. Hesabu yake ni rahisi: mizunguko 1,200 kwa dakika ni 20 kwa sekunde, mapanga yakiwa 7, kila sekunde hewa inapigwa mara 140. Yakiwa 9, mara 180. Mlio unaotokea kwenye kasi moja tu na kupotea ukipita hapo ni mwitiko, yaani fremu au kitu kilichoshikana nayo kinatetemeka kuitikia kasi hiyo. Huo unaukwepa kwa kutoitumia kasi hiyo. Tik-tik-tik nyembamba kwenye kasi ya chini kabisa, inayosikika ukisogeza sikio, ni mota. Na mkwaruzo usio na mpangilio, kama mchanga kwenye soli ya kiatu, ni beringi. Huo haukwepeki. Rudisha feni dukani.

Kuhusu hiyo tik-tik, kuna la kujaribu kabla ya kukata tamaa. Feni yenye plagi ya pini 3 hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa volti. Ya pini 4 hupata volti 12 muda wote, na waya wa nne huipelekea amri kwa mapigo yapatayo 25,000 kwa sekunde. Mapigo hayo yenyewe hatuyasikii, ila baadhi ya mota huyapokea vibaya zikaanza kugonga. Ubao mama mwingi hukuruhusu kuchagua ndani ya BIOS (ukurasa wa mipangilio unaoufungua kompyuta inapowaka) kama feni iendeshwe kwa mapigo au kwa volti. Feni yangu moja ya pini 4 iliacha kugonga siku ile ile nilipoihamishia kwenye volti. Gharama yake ni kwamba haianzi tena ikiwa chini ya volti 5, kwa hiyo siiruhusu ishuke hapo.

Geuza feni pia. Iliyo kimya ikiwa imesimama wima inaweza kulalamika ikilazwa, hasa zile za beringi za kawaida za mkono wa shaba, na kama unaitaka ikae kwenye dari la kasha ipime ikiwa imelala. Iache hivyo saa nzima, uirudie.

Programu za simu za kupima desibeli sizikatai, lakini chumba kikiwa kimya sana simu huwa inasikia kelele ya maikrofoni yake yenyewe na kukuandikia namba ile ile kwa kila feni. Kurekodi ni bora. Kipaza kiwe sentimita 50 kutoka katikati ya feni, pembeni kwa nyuzi 45, kisiguswe na upepo, la sivyo utarekodi ngurumo ambayo haipo. Kiwango cha kurekodi kiweke kwa mkono na usikiguse tena. Kikiachwa kijirekebishe chenyewe, feni zote zitatoka sawa.

Na usijiamini. Mimi tayari nilikuwa na feni niliyoipenda, ile ghali, nikawa naisikia nzuri kila mara. Nikamwita binti yangu, nikageukia ukutani, nikamwambia aziwashe kwa mpangilio anaoujua yeye na asiseme kitu. Nikachagua ya pili. Akacheka: "Mama, hiyo ndiyo uliyosema inapiga mluzi!" Tulirudia mara 6, na niliichagua hiyo hiyo mara 5. Ndiyo iliyopo sasa nyuma ya kompyuta yangu.

Kisha weka kizuizi

Feni ikiwa bado kwenye katoni, chukua wavu au chujio la kasha lako, ulisogeze polepole upande inakoingilia hewa. Kwa feni nyingi hewa hutokea upande wenye miguu inayoshika mota, na huingilia upande mwingine. Kwenye sentimita 3 husikii tofauti. Kwenye sentimita 1 mvumo unaanza kuwa mzito. Likigusa fremu kabisa, mapanga yanapita karibu na matundu na feni inaanza kuimba, uuuuu, sauti ambayo haikuwepo kabisa. Fanya hivyo hivyo upande wa kutokea hewa: mara nyingi tofauti ni ndogo. Jaribio hili la dakika 2 lilinifundisha kuliko kitu kingine chochote. Mbele ya kasha langu sasa kuna pete ya mpira ya milimita 5 kati ya feni na wavu, na mluzi wa mbele umekwisha.

Ndani ya kasha, kwa joto

Hapa ndipo swali la mwanzo linajibiwa. Ipe prosesa kazi nzito isiyobadilika, weka kasi ya feni kwa namba maalumu, subiri nusu saa mpaka joto lisimame. Andika joto la prosesa, na joto la chumba kando yake, kwa sababu unachotafuta ni tofauti kati ya hayo 2. Prosesa ya nyuzi 70 katika chumba cha 22 na ya nyuzi 75 katika chumba cha 27 ni kitu kimoja.

Sasa amua tofauti unayoikubali. Mimi nilichukua 45. Kwa kila feni tafuta kasi inayokufikisha hapo, kisha zilinganishe kelele zao zikiwa kwenye kasi hizo, si kwenye asilimia 50 kwa 50. Kwangu, feni moja ilihitaji mizunguko 1,050 na nyingine 820. Ile ya 820 ndiyo iliyokuwa na kelele zaidi.

Sikiliza ukiwa umekaa kwenye kiti chako, kasha likiwa mahali pake pa siku zote. Chini ya meza, karibu na ukuta, sauti hurudi. Kama bado kuna kelele usiyoijua, huenda unailaumu feni isiyohusika: kadi ya michoro ina feni zake, pawasapulai ina yake, na diski ya kuzunguka ina mlio wake. Kwenye Linux kuna pwmconfig, ambayo husimamisha feni moja moja na kukuonyesha ipi ni ipi. Kwingine fanya kupitia BIOS. Kusimamisha kwa kidole nilishawahi, na ukucha wangu haukunishukuru.

Ukimaliza kuchagua, mpangilio wa kasi uuandike ukiwa na subira. Mvumo usiobadilika hausumbui kama ule unaopanda na kushuka kila unapofungua ukurasa. Mimi nimeacha kasi moja tambarare mpaka prosesa ifike nyuzi 60, halafu mteremko mpole, na kuchelewa kwa sekunde kadhaa kabla kasi haijabadilika.

Kabla ya kila sura huwa narekodi dakika 1 ya kimya na kuihifadhi. Wiki iliyopita dakika hiyo ilikuwa na kugonga kudogo ambako sikio langu halikuwa limekusikia. Nikaandaa bisibisi kuitoa feni ya nyuma, nikijilaumu kwa kuichagua. Nilipofungua kasha, feni ilikuwa haina neno: waya wa pawasapulai ulikuwa umelegea kwenye kifungo chake, na ncha yake ilikuwa inagusa panga kila lilipopita.