Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Euronymous Bila Kumezwa na Ngano Zake

Anayekusudia kuandika maisha ya Øystein Aarseth, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem ya Norwei aliyejiita Euronymous, hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba mtu huyu alijitungia ngano zake mwenyewe, na kwamba mahojiano yake, hata yanaponoga, ni ushahidi dhaifu. Huyo aliyejinadi kuwa mtumishi wa uovu alikuwa pia mwenye duka la santuri, Helvete, alilolifungua Oslo mwaka 1991. Vijana wa bleki metali, muziki wa roki mzito wenye kasi na giza, walikusanyikia hapo, hivyo asiyelieleza duka hataweza kueleza ushawishi wake.

Anza na rekodi. Sikiliza albamu ya Mayhem, De Mysteriis Dom Sathanas, ufuatilie jinsi nyuzi zinavyocharazwa kwa kasi mfululizo hadi noti zinashikana na kuwa uvumi mmoja mzito, kisha uandike ulichokisikia kabla hujagusa kesi yoyote. Usimpe sifa zote peke yake, kwa maana Snorre Ruch, mpiga gitaa wa bendi ya Thorns, alichangia mtindo huo.

Baada ya hapo ziendee hukumu, ambako wengi huteleza. Aarseth aliuawa kwa kisu usiku wa kuamkia 10 Agosti 1993 katika jengo alimoishi, Oslo. Muuaji, Varg Vikernes, mwanamuziki aliyempigia besi katika Mayhem, alidai kwamba alikuwa anajihami. Mahakama haikumkubalia, na mwaka 1994 ikamfunga miaka 21, adhabu ya juu kabisa nchini humo wakati huo. Alitiwa hatiani pia kwa kuchoma makanisa, lakini si lile la Fantoft lililoteketea 6 Juni 1992, ingawa waandishi wenye haraka humbebesha hilo nalo.

Kuhusu mwimbaji wa Mayhem aliyejiita Dead, aliyejiua Aprili 1991, taja kwamba Aarseth aliipiga picha maiti yake, kwa kuwa tendo hilo lilimfanya mpiga besi Necrobutcher ajitenge naye. Picha zenyewe usiziweke, wala usisimulie namna ya kifo. Hazimwongezei msomaji chochote.

Ukifika kwenye urithi, rudi kwenye albamu ileile, iliyotoka mwaka 1994, ambamo gitaa ni la aliyeuawa na besi ni ya muuaji. Wazazi wa Aarseth waliomba besi hiyo iondolewe. Mpiga ngoma Hellhammer ameeleza kwamba aliwaahidi kuirekodi upya, kisha akaiacha ilivyo. Liandike jambo hilo kwa sentensi fupi, bila kulipamba.