Kuhamia Nchi Nyingine kwa Gari Ukiwa Peke Yako

Anayehama kwa gari huwaza kwanza umbali, ramani na hali ya barabara, ilhali jambo linaloamua zaidi mafanikio ya safari ni namna nchi anakokwenda inavyolitazama gari lenyewe. Mtalii huingia na gari akatoka nalo; wewe unaingia nalo libaki, na kwa maofisa wa forodha tofauti hiyo ni kubwa. Kwa hiyo panga kuanzia mwisho. Ziulize kwa maandishi mamlaka za forodha na usajili za nchi hiyo kama gari la umri huo linaruhusiwa, kama usukani wa upande huo unakubalika, ni viwango gani vya moshi vinavyotakiwa, na kama mhamiaji husamehewa ushuru.

Msamaha huo una masharti yanayohitaji maandalizi ya mapema. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, anayehamishia makazi yake kutoka nje huweza kusamehewa ushuru wa forodha iwapo ameishi nje ya Umoja huo kwa miezi 12 mfululizo au zaidi, na gari amekuwa nalo na kulitumia kwa muda usiopungua miezi 6 kabla ya kuhama. Akishaliingiza, hawezi kuliuza wala kulikodisha kwa miezi 12 bila kulipia ushuru huo. Kununua gari jipya wiki chache kabla ya kuondoka, jambo ambalo wengi huliona kuwa la busara, kunaweza kukupotezea haki hiyo yote.

Nchi utakazopita nazo zina madai yake. Baadhi hutaka Carnet de Passages, hati ya dhamana inayotolewa kupitia vyama vya wenye magari, ambayo huliruhusu gari kuingia bila kulipiwa ushuru kwa ahadi kwamba litatoka. Usiondoke mpakani kabla ya kuhakikisha kwamba ukurasa umegongwa muhuri wa kuingia, na baadaye wa kutoka, kwani muhuri mmoja uliokosekana unaweza kukufanya udaiwe ushuru wa gari ambalo halipo tena katika nchi hiyo. Linganisha pia namba ya chasi iliyoandikwa kwenye kila hati na ile iliyochongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu. Kibali cha kimataifa cha udereva kinachofuata Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1, na kile cha Mkataba wa Vienna wa 1968 huweza kufikia miaka 3. Kwa kuwa si kila nchi hukubali vyote viwili, chunguza kipi kinahitajika wapi, na ukumbuke kwamba hakuna kati yake kinachofaa bila leseni yako ya kawaida.

Hatari kubwa ya dereva aliye peke yake ni usingizi, kwa kuwa hakuna wa kumpokea usukani wala wa kumwambia kwamba ameuhama upande wake wa barabara. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takribani mita 28 kila sekunde, hivyo kusinzia kwa sekunde 4 ni kuendesha zaidi ya mita 100 bila dereva. Sheria za Umoja wa Ulaya humlazimu dereva wa lori kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, naye ni mtu wa kazi hiyo. Wewe pumzika mapema zaidi, na siku ya kuvuka mpaka ihesabu kuwa siku nzima hata kama kilomita ni chache, kwa sababu foleni na maswali huchosha kuliko barabara. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, kisha lala dakika 20, muda ambao kahawa huanza kufanya kazi. Mpe mtu mmoja unayemwamini ratiba yako, na mkubaliane hatua atakazochukua usipompigia kwa saa mliyopanga.

Mizigo mizito iwe chini, karibu na migongo ya viti, na upepo wa tairi upimwe zikiwa baridi kwa kipimo cha gari lililojaa. Orodha ya vitu vyote pamoja na thamani yake iwe mkononi, si chini ya masanduku. Ukiingia nchi inayoendesha upande mwingine, rekebisha mwanga wa taa ili usiwapofushe wanaokuja.

Ukifika, shughulikia kwanza usajili wa anwani, kwa sababu mara nyingi benki, matibabu na namba za gari huutegemea. Kisha kamilisha uingizaji wa gari na uirudishe Carnet ili dhamana yako ifunguliwe. Usipange kuanza kazi kesho yake, kwani mwili huhitaji siku kadhaa, na upweke ambao njiani ulizibwa na shughuli huweza kukukuta baada ya kutua. Barua ya kampuni ya bima inayothibitisha kwamba hujawahi kudai fidia uwe umeiomba kabla ya kuondoka, maana inaweza kukupunguzia gharama. Leseni nayo ina muda maalumu wa kubadilishwa, na kwa kuwa ofisi nyingi huichukua ile ya zamani, tengeneza nakala iliyothibitishwa kabla ya kuikabidhi.