Vidukari kwenye bustani ya kiangazi: sabuni humuua yule tu inayemgusa

Tabora na Kigoma zina msimu mmoja wa mvua. Mvua zikishakatika mwezi Mei, bustani huhamia mabondeni na kando ya visima, na vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, huhamia nazo. Hakuna tena mvua kubwa ya kuwapukutisha. Jike huzaa bila dume, na mtoto wake baada ya wiki moja hivi naye anazaa. Kwa hiyo sukuma wiki, chainizi, bamia na kunde vikaguliwe mara mbili kwa wiki: geuza majani machanga, tazama upande wa chini.

Ukikuta sisimizi wakipanda na kushuka shinani, tafuta vidukari juu yake. Sisimizi hawana shida na mboga yako. Wanafuata majimaji matamu wanayotoa vidukari, na huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Zungushia shina jivu kavu, na uliweke upya kila likilowa.

Wakiwa wachache waponde kwa vidole, basi. Wakizidi, tumia sabuni ya mche. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kikwangue, kiyeyushe kwenye maji moto kidogo, kisha ongeza maji safi yafike lita 3. Maji ya kisima yakiwa ya chumvi, sabuni huganda utando mweupe na nguvu hupotea. Tafuta maji yanayotoa povu. Chuja kwa kitambaa, la sivyo pua ya bomba itaziba.

Usitumie sabuni ya unga: huunguza majani. Sabuni ya mawese inayopikwa Kigoma inafaa, isipokuwa ile yenye magadi makali inayochoma mikono. Yoyote utakayochagua, ijaribu kwanza kwenye majani mawili matatu, usubiri mpaka kesho yake.

Wengi husema sabuni haifanyi kazi kwa sababu wamenyunyizia juu ya jani tu. Ikishakauka haina sumu iliyobaki, hivyo kidukari ambaye hakulowa hafi. Elekeza bomba kutoka chini kwenda juu hadi jani lidondoshe matone. Wale wa kijivu wa kwenye kabichi wana unga wa nta unaotelezesha maji, hao walowanishe zaidi. Mwagilia bustani kwanza, kwani mmea wenye kiu huungua upesi, kisha nyunyiza jua likishapoa. Rudia baada ya siku 4 au 5, mara tatu.

Penye mwarobaini, twanga mbegu zilizokaushwa kivulini, gramu 50 kwa kila lita ya maji. Loweka usiku mzima, chuja, tia sabuni kidogo, tumia siku hiyohiyo jioni maana jua huidhoofisha. Usitarajie maiti kesho yake. Mwarobaini huwazuia kula na kukua, matokeo huonekana baada ya siku kadhaa.

Maji ya tumbaku, ambayo Tabora hushawishi kwa kuwa majani yapo, yaache. Nikotini hupenya kwenye ngozi na kumdhuru mpulizaji, na ugonjwa wa batobato wa tumbaku huweza kuhamia kwenye nyanya na pilipili.

Urea nyingi nayo hulainisha majani, na vidukari hupenda majani laini. Gawa mbolea kidogo kidogo. Mboga iliyopulizwa sabuni ioshwe vizuri kabla ya kupikwa.