Kabla ya kwenda Komoro

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akishuka Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, hujiona bado yuko nyumbani. Kofia na kanzu, leso, karafuu, na lugha ambayo nusu unaielewa, nusu inakuponyoka. Hiyo nusu ya pili ndiyo ya kujiandaa nayo. Mzee huamkiwa "kwezi", naye ataitika "mbona", wala hakuulizi kitu. "Marahaba" kwao ni asante, kwa hiyo usishangae muuza duka akikuitikia shikamoo usiyompa.

Linaloumbua wageni zaidi ni pesa. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro: yuro 1 ni faranga 492 hivi. Beba yuro taslimu, noti ndogondogo, kwa sababu mashine za kutolea pesa ni chache hata Moroni, mji mkuu, na ukivukia kisiwa cha Mwali hesabu kwamba hakuna. Soketi nazo ni za Kifaransa, za matundu mawili ya duara; plagi yetu ya miguu mitatu haiingii. Nunua adapta kwenu.

Miezi mikavu ni Mei hadi Oktoba, na kuanzia Julai nyangumi hupita na ndama wao. Ila Julai na Agosti ndiyo pia miezi ya anda, ile harusi kuu ya Ngazija, na Wakomoro wa Ufaransa hurudi kwa wingi, nauli zikapanda. Mimi ningekwenda hivyo hivyo. Bila kuona anda hutaelewa kwa nini mwanamume mwenye shahada na gari bado hana kauli mbele ya wazee wa mji wake: hajafunga ndoa hiyo, basi hajawa mtu mzima. Heshima hiyo huonekana hata bangweni, kwenye uwanja wa mji, ambako kila rika na daraja lina mahali pake. Uliza kabla ya kukaa. Ukialikwa, nguo ndefu ya heshima iwemo begini. Kaptura ni ya ufukweni tu.

Ngazija haina mito. Mvua hunyesha sana, lakini mwamba wa volkano huimeza, watu wakabaki na maji ya matangi. Kunywa ya chupa, na zungumza na daktari juu ya malaria kabla hujaondoka. Anayetaka kupanda Karthala, mita 2,361, volkano iliyo hai, abebe maji yote ya safari, sweta la usiku, na awe na mwenyeji wa kumwongoza.

Kasa wa Itsamia, kisiwani Mwali, hutaga usiku. Tochi yako izime mpaka mlinzi akuruhusu. Boti za kwenda huko huondoka Chindini, Ngazija. Nenda asubuhi bahari ikiwa imetulia, na kama hakuna jaketi okozi, shuka. Kisiwani Nzwani tenga siku nzima kwa vichochoro vya Mutsamudu na ngome iliyo juu yake.

Kisiwa cha Maore (Mayotte) ni habari nyingine. Bendera ya Komoro ina nyota nne, lakini kisiwa cha nne kiko chini ya Ufaransa, na tangu 1995 hata Mkomoro huhitaji viza kuingia. Wengi wamezama wakivuka kwa mashua usiku. Viza utakayogongewa Hahaya ni ya visiwa vitatu.