Namna ya kubeba mishahara ya timu ya NBA bila kodi ya anasa kukuvunja mgongo

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba lazima nikutane na mtu anasema timu yetu imsajili fulani, kwani tajiri si hela anazo? Yaani naumia kabisa, mana kwenye NBA ya sasa hivi hela ya tajiri siyo inayokwama kwanza, kinachokwama kwanza ni ruhusa ya kuitumia. Mi na washkaji tuna ligi yetu ya kucheza kama GM (meneja mkuu, yule anayepanga kikosi na mishahara), tunafuata sheria zilezile za NBA na mishahara ileile, msimu wa nne huu, kwa hiyo hizi hesabu nazifanya kila wiki na nimeshachomwa nazo. Naandika vile ninavyofanya mwenyewe, ukitaka kuchukua chukua.

Kabla hujagusa mchezaji yeyote jua timu yako imesimama wapi. Kwa msimu wa 2025-26 kikomo cha mishahara ni dola milioni 154.647, mstari wa kodi ya anasa milioni 187.895, aproni ya kwanza milioni 195.945 na aproni ya pili milioni 207.824. Kikomo cha NBA hakizuii kila kitu, kuna ruhusa za kukipita na kubwa kuliko zote ni haki za Bird, zimepewa jina la Larry Bird, zinakuruhusu kumbakiza mchezaji wako mwenyewe hata kama umeshapita. Ndo mana karibu timu zote zinazowania ubingwa ziko juu ya kikomo na hakuna anayeshangaa. Juu ya mstari wa kodi hapo sasa unalipa, na juu ya aproni unanyang'anywa vifaa vya kazi. Haya mawili watu wanayachanganya sana, kodi ni bili na aproni ni kifungo.

Tuanze na bili. Kodi inapanda kwa ngazi, na msimu huu kila ngazi ina upana wa dola milioni 5.685. Ngazi ya kwanza kila dola moja uliyozidisha unalipia dola 1.00, ya pili 1.25, ya tatu 3.50, ya nne 4.75, halafu kuanzia hapo inaongezeka 0.50 kila ngazi. Umeona hapo kati ya ya pili na ya tatu? Hapo ndo pabaya, viwango hivi vimeanza msimu huu wa 2025-26 na vimewekwa makusudi, ukizidisha kidogo wanakuhurumia kuliko zamani, ukizidisha sana wanakukamua.

Chukua timu yenye mishahara ya milioni 200 kamili. Imezidi milioni 12.105. Ngazi ya kwanza inalipa milioni 5.685, ya pili milioni 7.106, na zile milioni 0.735 zilizobaki zinaangukia ngazi ya tatu zinalipa milioni 2.57, jumla kama milioni 15.36. Sasa timu hiyohiyo ikiwa ni mlipaji sugu, yaani imelipa kodi misimu 3 kati ya 4 iliyopita, viwango vyake vinaanzia 3.00, 3.25, 5.50, na bili inatoka milioni 15.36 inaenda milioni 39.57. Wachezaji walewale, mishahara ileile, tofauti ni historia yako tu. Kwa hiyo kwenye Excel yako weka safu ya miaka minne nyuma, andika kila mwaka ulilipa au hukulipa, usitegemee kichwa.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho kwangu ni moyo wa kazi yote: mchezaji hana bei moja, bei yake inategemea timu inayomchukua iko ngazi gani. Mkongwe wa kima cha chini anahesabika dola 2,296,274 msimu huu hata kama ana miaka 12 kwenye ligi, mana akisaini mwaka mmoja hiyo nyongeza ya ukongwe ligi inamlipia. Timu iliyo chini ya mstari inamchukua kwa hiyo milioni 2.3 basi. Timu iliyo ngazi ya tatu inamchukua kwa milioni 2.3 pamoja na kodi ya milioni 8 juu yake. Ukikaa kwenye kiti cha GM usiulize "anastahili mshahara huu?", uliza anastahili milioni 10.3 akae benchi dakika 9 kwa mechi? Mara nyingi jibu ni hapana na unabaki na watu 14, ambao ndo idadi ya chini kisheria, ile nafasi ya 15 unaiacha wazi.

Kingine kidogo ambacho wengi hawakijui. Kijana uliyemchukua kwenye drafti (ile siku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu) anahesabika kwa mshahara wake halisi, lakini kijana ambaye hakuchaguliwa ukimsaini kwa kima cha chini, kwenye hesabu ya kodi na aproni anahesabiwa kama mtu wa miaka miwili, yaani hiyohiyo 2,296,274. Kwa hiyo piki (zamu ya kuchagua kwenye drafti) ya raundi ya pili ambayo watu wanaitupa kama takataka, kwa timu yenye kodi ina thamani ya kweli. Na wale watatu wa mikataba ya njia mbili, wanaopanda na kushuka kati ya timu kubwa na ile ya maendeleo, hawahesabiki kabisa, wanaruhusiwa mechi hadi 50. Watumie! Timu inayolalamika kodi huku nafasi za njia mbili ziko wazi hiyo haiko siriazi.

Aproni sasa

Ukiwa juu ya aproni ya kwanza huruhusiwi kupokea kwenye tredi (kubadilishana wachezaji na timu nyingine) mshahara mkubwa kuliko uliotoa, humpati mchezaji kwa njia ya kusaini-na-kutredi, yaani timu yake inamsaini halafu papo hapo inamtredi kwako, na wale wanaokatwa katikati ya msimu huwezi kuwasaini kama mshahara wao ulikuwa juu ya ile ruhusa kubwa ya kati (ruhusa ya kusaini mchezaji wa nje hata kama umepita kikomo) ambayo msimu huu ni milioni 14.104. Ukiwa juu ya ya pili yanaongezeka: huna hata ruhusa ndogo ya kati ya milioni 5.685, huwezi kutuma pesa taslimu kwenye tredi, na hili ndo linaloua, huwezi kuunganisha mishahara. Maana yake huwezi kutoa wawili wa milioni 10 upate mmoja wa milioni 20. Ukimaliza msimu juu ya aproni ya pili piki yako ya raundi ya kwanza ya miaka saba mbele inagandishwa, huwezi kuitredi, na ukirudia misimu 2 kati ya 4 inayofuata piki hiyo inasukumwa mwisho wa raundi hata kama mmekuwa vibonde.

Mfano hai ni Phoenix Suns 2024-25. Walikuwa na Durant, Booker na Beal, kodi peke yake ilipita dola milioni 150, wakamaliza wameshinda 36 wamepoteza 46 na hatua ya mtoano hawakuiona. Kwamba hawakutaka kubadilisha kikosi? Walitaka, lakini hawakuweza kuunganisha mishahara na Beal alikuwa na haki ya kukataa tredi. Ukilinganisha na Golden State 2021-22 waliolipa kodi kama milioni 170 wakabeba ubingwa, utaona kwamba zamani kodi ilikuwa suala la tajiri kuamua tu. Sheria za 2023 zimefunga hiyo njia.

Lakini mtego unaowakamata wengi uko huku chini, sio huko juu. Kuna mambo ukiyafanya tu unafungiwa kikomo kigumu mpaka msimu wa mikataba uishe: ukitumia ruhusa kubwa ya kati au ukimpata mtu kwa kusaini-na-kutredi unafungwa kwenye aproni ya kwanza, ukitumia ruhusa ndogo au ukiunganisha mishahara kwenye tredi au ukituma pesa unafungwa kwenye ya pili. Kufungwa maana yake huruhusiwi kuuvuka huo mstari hata kwa dola moja, hata kwa saa moja, hata uwe na dharura gani.

Mi ndo kilichonikuta msimu huu. Mwezi wa saba nilimpata mpiga pointi tatu kwa ruhusa kubwa yote, nikafurahi, nikajaza watu 14 nikabaki na nafasi ya dola 900,000 tu chini ya aproni ya kwanza. Mwezi wa kumi na mbili senta wangu akaumia goti. Nataka senta wa kima cha chini, wapo wamejaa bila timu, sheria inanikatalia, 2,296,274 haiingii kwenye 900,000. Kilichoniokoa ni kwamba mkataba wa katikati ya msimu unahesabika kwa siku zilizobaki. Msimu una siku 174, kwa hiyo kila siku ni kama dola 13,197, nikagawanya 900,000 kwa hiyo nikapata siku 68. Ikabidi nisubiri mpaka zibaki siku 68, mwanzoni mwa mwezi wa pili, na katikati hapo namchezesha fowadi kama senta tunapigwa ribaundi kila mechi. Kama yule mpiga pointi tatu ningempa milioni 12.5 badala ya 14.104, na kiukweli alikuwa hana timu nyingine inayomtaka, nisingelala na huo msiba. Tangu hapo sheria yangu ni kubakiza nafasi ya mkongwe mmoja mzima chini ya aproni inayonifunga, siigusi mpaka mwezi wa kwanza.

Mkataba mrefu upange kwa umbo lake

Watu wanaangalia jumla tu. Mchezaji wako mwenye haki za Bird anaweza kupanda asilimia 8 ya mwaka wa kwanza kila mwaka, au kushuka hivyohivyo. Tuseme ni miaka 4 kwa milioni 89.6. Ukipandisha ni 20, 21.6, 23.2, 24.8. Ukishusha ni kama 25.45, 23.42, 21.38, 19.35. Hela yake haijapungua hata senti, tena anaipata mapema, ila mwaka wa nne kuna tofauti ya zaidi ya milioni 5. Sasa jiulize mwaka gani ndo vijana wako wa drafti wanaanza mikataba mikubwa, huo mwaka ndo unautaka uwe mwepesi. Oklahoma City walibeba ubingwa wa 2025 huku Chet Holmgren na Jalen Williams wote bado wako kwenye mikataba ya drafti, mikataba mikubwa inaanza 2026-27. Ni klabu ileile iliyomwachia James Harden kwenda Houston Oktoba 2012 kwa kuogopa kodi, na wengine mpaka leo lile jambo linatuuma.

Kukata mtu na kutandaza mshahara wake ni dawa ya mwisho. Unachukua miaka iliyobaki unazidisha mara mbili unaongeza mmoja, mshahara unagawanywa humo. Milwaukee walifanya hivyo kwa Damian Lillard 2025, milioni kama 113 zikatandazwa miaka 5, kama milioni 22.5 kila mwaka kwa mtu ambaye hachezi kwao, ili wapate nafasi ya kumchukua Myles Turner. Phoenix nao wakafanya kwa Beal, kama milioni 19.4 kila mwaka mpaka 2029-30. Mi binafsi siwezi, mwaka wa tano wa hilo deni unakuta kikosi kizima kimebadilika na bado unalipa. Kukata tu bila kutandaza ndo kabisa hakukusaidii kitu kwenye kodi, mshahara unabaki kwenye vitabu vyako.

Bora kufanya kama Boston kiangazi cha 2025. Jayson Tatum ameumia kano ya kisigino mwezi wa tano, mwaka umeshaharibika, basi wakamtoa Jrue Holiday akaenda Portland na Kristaps Porziņģis akaenda Atlanta, wakatoka kwenye aproni ya pili. Inauma kuvunja kikosi cha mabingwa wa 2024, ila kama lazima upate miaka ya kupumua ili usiwe mlipaji sugu, chagua ule mwaka ambao hata ukilipa hushindi.

Mwezi wa pili ndo wa kubana

Kodi inapimwa kwa mishahara iliyopo siku ya mwisho ya msimu wa kawaida, kwa hiyo ukiwa umezidi milioni 1.8 mwezi wa kwanza bado hujachelewa. Mchezaji ukimtredi mshahara wake wa msimu mzima unahama naye kwenye hesabu ya kodi. Tafuta timu yenye nafasi, mpe mtu wa benchi wa milioni 2 au 3 pamoja na piki ya raundi ya pili na pesa kidogo, kama hujapita aproni ya pili, na wewe usirudishiwe mtu. Unaokoa kodi, huo mwaka hauhesabiki kwenye usugu, na unaingia kwenye mgao, mana nusu ya kodi yote inagawanywa sawasawa kwa timu ambazo hazikulipa.

Ukibaki na watu 13 usikimbilie kusaini. Unaruhusiwa kukaa chini ya 14 kwa siku 14 mfululizo, na siku 28 kwa msimu mzima, zitumie zote mana kila siku ni dola 13,197 unazobakiza. Mkongwe akiingia zikiwa zimebaki siku 40 anahesabika kama dola 528,000 tu. Halafu bakiza kijipande cha mwisho kwa ajili ya kijana wako mmoja wa njia mbili, hao hawaruhusiwi kucheza hatua ya mtoano mpaka uwageuzie mkataba uwe wa kawaida kabla msimu wa kawaida haujaisha, na ukimgeuzia siku ileile ya mwisho anahesabika siku moja.