Notsi za mtihani wa kufungua kitabu: ziandae ili ukizitafuta uzipate

Mwanafunzi akisikia kwamba ataruhusiwa kuingia na notsi kwenye mtihani, mara nyingi hufanya moja kati ya mawili: anaacha kusoma kwa kuwa "majibu nitakuwa nayo", au anabeba kila karatasi aliyowahi kuiandika tangu muhula uanze. Wote wawili huishia palepale, mtihani umefika katikati, wanapekua. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mpwa wangu kuandaa notsi za fizikia na kemia. Hatua nyingine ni nyepesi, nitazipita mbio. Ya tano ndiyo itakayokula muda wako, kwa hiyo nitaisemea kwa kirefu.

Hatua ya 1: Jua kilichoruhusiwa

Usiandike hata mstari mmoja kabla hujasoma masharti ya mtihani wako wewe, si wa kaka yako wa mwaka jana. Mitihani hii haifanani. Kuna unaokuruhusu kitabu cha kiada peke yake, tena kisicho na maandishi yako ndani. Kuna unaokupa karatasi moja tu ya A4. Kuna unaokuachia uingie na faili zima.

Muulize mwalimu anayehusika: karatasi ngapi, na ni upande mmoja au zote mbili? Lazima ziandikwe kwa mkono, au zilizochapwa zinakubalika? Mifano iliyokokotolewa inaruhusiwa, au kanuni tupu? Kitabu ni toleo lipi? Vikaratasi vya kunata pembeni mwa kurasa je? Na msimamizi atazikusanya notsi mwishoni? Hilo la mwisho watu hulisahau, kisha kazi ya muhula mzima inaondoka pamoja na karatasi za majibu. Kama zinakusanywa, toa kopi mapema.

Jambo ambalo masharti hayakulitaja usilihesabu kuwa limeruhusiwa. Uliza, na jibu ulipate kwa maandishi ikiwezekana. Mwenzako wa dawati la nyuma si chanzo.

Hatua ya 2: Soma kwanza

Soma kana kwamba utaingia mikono mitupu. Sina la kuongeza hapa.

Hatua ya 3: Chagua cha kubeba

Kipimo changu ni hiki: kitu unachokikumbuka bila kufikiri kinabaki nyumbani, na kitu usichokielewa nacho kinabaki nyumbani, maana hutakielewa ndani ya chumba cha mtihani. Kinachobaki katikati ndicho cha kubeba: kanuni unazozichanganya, thamani, vizio, miaka, michoro yenye majina mengi, hatua za jaribio zinazofuatana.

Kanuni usiiandike peke yake. Andika na sharti lake. Kwa mfano, kwenye notsi za mpwa wangu mstari mmoja ulisomeka hivi baada ya kuurekebisha:

v² = u² + 2as. Mchapuko usiobadilika TU. s kwa mita, si kilomita.

Maneno hayo machache baada ya kanuni ndiyo yenye alama. Kanuni yenyewe huenda hata imechapwa kwenye karatasi ya maswali. Vivyo hivyo kwenye kemia: moli moja ya gesi huchukua dm³ 22.4 kwenye 0 °C na kanieneo la angahewa moja, lakini kwenye joto la kawaida la chumba hutumika takriban dm³ 24. Mwanafunzi aliyeandika "22.4" tupu atazidisha 22.4 kila anapoona gesi, na notsi zake zitakuwa zimempoteza.

Kwa historia, aya ndefu hazifai. "Mkutano wa Berlin, 1884–1885", kisha sababu, waliokuwepo, matokeo, kila kimoja kwa maneno machache. Na ukinakili sentensi ya kitabu neno kwa neno, itie alama za nukuu pale pale. Usipofanya hivyo, siku ya mtihani utaimwaga kwenye jibu ukidhani ni yako.

Hatua ya 4: Andika

Kwa mkono, hata kama kuchapa kunaruhusiwa. Anayechapa hubandika kurasa nzima kwa kuwa kubandika hakumchoshi. Anayeandika kwa mkono anachoka, na uchovu huo unamfanya achuje. Tumia rangi mbili basi: nyeusi kwa maelezo, nyekundu kwa masharti na tahadhari. Zile kalamu za rangi za kupaka juu ya maandishi ziache. Ukurasa uliopakwa njano wote haujaonyesha kitu.

Acha pambizo pana upande wa nje. Mada mpya, ukurasa mpya.

Hatua ya 5: Faharasa

Faharasa ni orodha ya maneno kwa alfabeti, kila neno na namba ya ukurasa wake. Hapa ndipo tuliposota. Mpwa wangu alikuwa na notsi nzuri kuliko nilizowahi kuandika mimi, mwandiko safi, michoro imenyooka. Nikamsomea swali la zamani nikamwambia nionyeshe. Akaanza kupekua. "Mjomba, naijua, iko upande wa kushoto, chini, kuna mshale mwekundu." Kweli ilikuwa kushoto, chini, na mshale ulikuwepo. Ila aliifikia baada ya kufungua karibu kila ukurasa wa upande wa kushoto.

Piga hesabu. Mtihani wa dakika 90 wenye alama 60 unakupa dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama nne lina dakika sita. Ukipekua dakika tatu, nusu ya muda imekwenda na hujaandika kitu.

Anza kwa kutia namba kurasa zote, mfululizo, pamoja na kopi za kitabu kama zimo. Namba ziwe kwenye kona ya juu ya nje, kubwa. Usizitie kabla hujaridhika na mpangilio. Ukilazimika kuchomeka ukurasa baadaye, uite 14a, usianze kufuta namba zote zilizofuata.

Sasa faharasa yenyewe. Usiitengeneze kutokana na vichwa vya mada. Hayo ni yaliyomo, na yaliyomo yanakusaidia tu kama tayari unajua swali linatoka mada gani. Chukua maswali ya mitihani iliyopita. Soma swali, kisha andika neno la kwanza lililokujia kichwani, hata kama si neno la kitaalamu, hata kama baadaye utagundua halikuwa mada yenyewe. Swali likiuliza "Kwa nini jasho hupoza mwili?" notsi zako zinalo jibu, ila liko chini ya kichwa "Mabadiliko ya hali ya maada". Nani atakwenda huko akiwa na haraka? Kwa hiyo faharasa inakuwa hivi:

jasho – 22
joto fiche – 22, 23
mvukizo – 22
poza – 22

Maneno manne, karibu yote ukurasa mmoja. Si upotevu wa nafasi. Na usiandike "jasho: tazama mvukizo". Hiyo inakutafutisha mara mbili. Rudia namba tu.

Kiswahili kina mtego wake kwenye alfabeti. Ukiorodhesha vitenzi pamoja na ku- yake, herufi K inafura: kukokotoa, kupima, kupoza, kuchuja, kuyeyusha. Mimi naondoa hiyo ku- na kuandika kokotoa, pima, poza, chuja, yeyusha. Nomino naziweka kwa umoja, kimiminika na si vimiminika, jani na si majani, la sivyo kitu kilekile utakitafuta mahali pawili. U haina dawa: ujazo, umeme, uvutano, usanisinuru, uzito, zote zinakaa hapo hapo, basi ipe nafasi kubwa kuliko herufi nyingine. Ch, sh na ny zipange kwa herufi yake ya kwanza tu, usibuni sehemu za pekee.

Kupanga: kata karatasi vipande vidogo, neno moja na namba yake kwa kila kipande, vitandaze mezani, vipange, ndipo unakili. Kuna wanaopenda lahajedwali ya kompyuta, na ni kweli inapanga kwa kubonyeza mara moja. Lakini nimeona inavyokwenda: saa nzima inaishia kwenye upana wa safu na aina ya herufi. Vipande vya karatasi havina vishawishi hivyo. Kama umri wako au macho yako yanadai maandishi ya kuchapwa, na masharti yanaruhusu, sawa, tumia kompyuta kwa faharasa pekee.

Iishe kwenye karatasi moja, pande mbili. Faharasa ya kurasa tano nayo itahitaji faharasa. Acha mistari mitupu chini ya kila herufi, utaihitaji kwenye hatua ya sita. Isibanwe na nyingine. Iwe karatasi huru, juu kabisa ya rundo, ili uiweke kando yako huku mkono mwingine ukifungua.

Tahadhari mbili. Kwanza, kuna masharti yanayohesabu faharasa kama karatasi mojawapo ya zile ulizoruhusiwa, kwa hiyo ihesabu. Pili, kama umeruhusiwa kitabu kisicho na maandishi lakini pia karatasi moja ya notsi, tumia upande mmoja wa karatasi hiyo kwa faharasa ya kitabu. Faharasa iliyo nyuma ya kitabu iliandikwa na mtu asiyejua ni neno gani linakujia wewe kwanza.

Na kama ni A4 moja tu, hakuna kitabu? Faharasa huihitaji, unahitaji mahali pasipohama. Ikunje karatasi nusu mara tatu, ikunjue: una visanduku vinane vya takriban milimita 74 kwa 105, kumi na sita kwa pande mbili. Mada moja kisanduku kimoja, kichwa juu kushoto. Usivuke mstari wa mkunjo hata kama mada ni ndefu, ikizidi, ipunguze.

Hatua ya 6: Jaribu

Mpe mtu maswali ya zamani akusomee bila mpangilio. Kazi yako si kujibu, ni kuweka kidole kwenye ukurasa sahihi ndani ya sekunde 20. Ukichelewa, usijilaumu na usipange upya notsi: ongeza tu kwenye faharasa lile neno ulilolitafuta ukalikosa. Hiyo ndiyo kazi ya mistari mitupu. Halafu fanya mtihani mzima mmoja kwa saa, ukitumia notsi hizo hizo. Kurasa ambazo hukuzigusa, zitazame tena. Nyingine zitoe.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kagua kurasa zote, zitoe pini kama masharti yanataka karatasi huru, andika jina au namba yako panapotakiwa. Hakikisha hakuna karatasi ya zamani ya majibu iliyonasa katikati, maana msimamizi hatakuuliza ilifikaje.

Ndani ya chumba, pitia maswali yote kwanza ukijibu unayoyajua bila kufungua kitu. Swali la alama moja usilifungulie notsi. Kwa mengine, faharasa kwanza, ukurasa, thibitisha, funga, andika. Dakika moja ikipita hujaona, acha nafasi kwenye karatasi ya majibu, tia alama pembeni mwa swali, nenda linalofuata.